Amplifaya inakatakata? Pima kabla hujaihukumu

(Haya niliongea Jumamosi mbele ya mafundi vijana wa umeme wa magari hapa Dar. Wengi waliokosa kuja wameomba niyaandike, basi nayaandika kama yalivotoka mdomoni.)

Wazee wangu mliokaa huku mbele shikamooni, na nyie wadogo zangu habari za asubuhi. Nimefurahi kuona mmekuja wengi mpaka wengine mmekalia matairi, na samahani kwa jua, turubai limeishia hapo.

Nimeombwa niongee kuhusu muziki wa gari nikajiuliza nianzie wapi, maana mambo ni mengi, kuna maspika, kuna mabokisi, kuna hizi redio za android, mwisho nikaona nishike kitu kimoja ambacho kinaniuma siku nyingi, nacho ni amplifaya inayojikata, amplifaya ile mashine inayokuza sauti ya redio kabla haijaenda kwenye spika. Mnaijua wote. Mteja anakuja anakwambia fundi, muziki unapiga vizuri kabisa lakini nikiongeza sauti kidogo, besi ikishuka tu, unakata, kimya sekunde mbili tatu, unarudi, naongeza tena unakata tena. Na jibu atakalopewa kwenye vijiwe vingi hapa mjini mnalijua vilevile: hiyo imekufa kaka, tafuta nyingine. Anajibana anatafuta hela ananunua nyingine, anafungiwa palepale, kwa waya zilezile, kwenye bolti ileile, baada ya siku mbili huyo karudi, sasa anamtazama fundi kama mwizi, na mi siwezi kumlaumu.

Sikilizeni. Amplifaya inayojikata na kurudi yenyewe mara nyingi sana ni nzima. Uzima wake ndo unaofanya ijikate. Iliyokufa kweli haina tabia hiyo, yenyewe inakaa na taa nyekundu ya protekti muda wote hata ukichomoa spika zote, au inakula fyuzi kila ukiweka, au haiwaki kabisa. Hii inayokata na kurudi kuna kitu imekiona ikaamua kujiokoa, ndani yake kuna saketi ya ulinzi inayochunga umeme unaoingia usishuke mno, inachunga spika zisivute kupita uwezo wake, inachunga joto. Kwahiyo kazi yako we fundi ni kujua imeona nini. Huwezi kujua kwa kuitazama, na huwezi kujua kwa kuigusa gusa waya ukasema sasa iko fresh.

Niwaambie kitu kilichonitokea. Zamani nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka moja la muziki wa magari, akaja baba mmoja na Noah, gari yake ya familia, wikiendi anaipeleka kwenye maharusi. Amplifaya inakata. Tukambadilishia. Akarudi, tukambadilishia tena, na ya pili ilikuwa ya bei kubwa kuliko ya kwanza maana bosi alisema ile ya kwanza ilikuwa ndogo. Mara ya tatu aliporudi hakugomba, alisema tu kwa upole, wanangu, mi hela sina tena. Pale dukani alikuwepo mzee mmoja fundi umeme, amepita kununua tepu, akasema hebu washeni huo muziki, na mkiuwasha msiuguse.

Akatoa mita yake, imezungushiwa raba ya tyubu ili isivunjike ikianguka. Akaweka kwenye volti za DC, gari inanguruma, muziki unapiga kwa sauti ileile inayokatia, akapima kwenye betri: 13.6. Sawa. Akaenda nyuma akaweka ncha mbili za mita kwenye matundu ya amplifaya yenyewe, positivu na erthi, yani ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, na hapo ndo nilipoona kitu ambacho sijakisahau mpaka leo, besi ikipiga namba inaanguka mpaka 10.1, besi ikiachia inapanda, inaanguka, inapanda, halafu kimya. Imekata. Mzee akasema, haya, volti tatu na nusu zimepotea njiani, tuzitafute zimelala wapi. Akachukua waya mrefu ili mita ifike mbele mpaka nyuma, ncha moja positivu ya betri, ncha nyingine positivu ya amplifaya, muziki unapiga: 0.4. Akahamia upande wa pili, negativu ya betri na erthi ya amplifaya: 3.1. Pale pale akainama, akaweka kidole kwenye bolti ya erthi chini ya kapeti, akakitoa haraka. Ilikuwa ya moto.

Akafungua ile bolti. Chini ya lagi, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, kulikuwa na rangi ya gari, ya kiwandani, inang'aa, nzima, haijakwaruzwa hata kidogo. Umeme wote wa ile amplifaya ulikuwa unarudi kwenye bodi kwa kupitia ncha tu za nyuzi za bolti. Akasugua na brashi ya waya mpaka bati likawa jeupe, akasafisha lagi kwa msasa, akakaza kwa spana sio kwa koleo, akapaka grisi kidogo juu ili hewa ya chumvi isiingie. Muziki ukapigwa nusu saa haukukata, na zile amplifaya mbili tulizozitoa zilikuwa nzima zote. Yule baba alirudishiwa moja. Ya pili ilikuwa imeshauzwa.

Naomba mnielewe kwa nini nakaa sana hapa kwenye erthi. Kwa kazi nilizofanya mi mwenyewe, hapa ndo penye ugonjwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na hapa ndo watu hawapimi. Na wakipima wanapima vibaya. Utamkuta fundi kaweka mita kwenye omu, kagusisha erthi na bodi, mita imeandika 0.3 anasema iko poa. Hizo 0.3 ni za nyaya za mita yenyewe, jaribu kuzigusisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe utaona. Tatizo la ile Noah lilikuwa kama 0.09 ya omu, mita hizi tunazobeba mfukoni haziwezi kuliona kabisa. Lakini ampea 35 zikipita kwenye hiyo 0.09 zinaacha volti tatu na ushee palepale, na hizo volti zinageuka joto la wati zaidi ya mia, yani kama umezika taa mbili za mbele za gari chini ya kapeti ya mteja. Ndo maana kidole kiliungua. Na ndo maana nasema erthi mbovu ni hatari ya moto, tusiichukulie kama usumbufu wa muziki tu.

Kwahiyo pima wakati mzigo upo. Gari ikiwa kimya na muziki chini, kila waya ni mzuri, hata waya wa kengele ya mlangoni utaonyesha volti 12.6 zote. Mgonjwa unampima akiwa na homa. Nusu volti ikipotea kwenye upande mmoja na muziki uko juu, mi tayari naanza kufungua.

Na bolti ya mkanda wa abiria msiiguse kwa erthi. Najua iko karibu, najua ni nene, lakini ile inashika roho ya mtu siku ya ajali, ukiilegeza ukaweka lagi katikati haikazi tena kama ilivotakiwa. Toboa tundu lako, angalia chini kwanza kama hakuna tenki au paipu ya mafuta ya breki, sugua, funga. Halafu waya wa erthi uwe mfupi na unene uleule wa waya wa positivu, sio positivu namba 4 alafu erthi kakipande ka waya wa taa.

Tukija kwenye waya wenyewe. Zile seti zinazouzwa kwenye maboksi ya plastiki, waya mnene unapendeza, mwekundu unaong'aa, ukichuna plastiki unakuta nusu ya unene ni plastiki yenyewe. Alafu kwaruza nyuzi zake kwa kisu. Zikiwa nyekundu mpaka ndani ni shaba. Zikiwa nyeupe ndani hiyo ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba ya unene uleule. Sisemi usifunge, mteja mwingine hela yake inaishia hapo, ila ukiifunga panda ngazi moja au mbili za unene (namba ikipungua ndo waya unazidi unene), na mwambie mteja ukweli kwamba hii ni alumini. Asije akajua kutoka kwa fundi mwingine.

Na fyuzi iwe karibu na betri, shubiri mbili basi, isizidi. Ile fyuzi hailindi amplifaya, inalinda huo waya mrefu unaopita chini ya miguu ya watoto wa watu. Siku bati litakapoukata huo waya na hakuna fyuzi mbele, betri yote inamalizikia pale. Nimeona gari iliyoungua hivo. Na nimeona fyuzi iliyozungushiwa waya wa shaba ili isikatike, wadogo zangu hiyo msifanye hata mteja akilia, hata akikuongezea hela.

Tena kuna fyuzi nyingine, ya kwenye amplifaya yenyewe, hiyo ndo inayokwambia ukweli wake. Boksi limeandikwa wati 3000, geuza amplifaya uangalie fyuzi pembeni, utakuta moja ya 30. Piga hesabu, ampea 30 mara volti 13.8 ni wati 414 zinazoingia, na hakuna mashine inayotoa zaidi ya kilichoingia, hata hizi za klasi D zinazotumia umeme vizuri zinatoa kama asilimia 80, kwahiyo hapo una wati 330 hivi. Basi. Zile 3000 za kweli zingetaka ampea zaidi ya 270, oltaneta ya gari ndogo, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haifiki hata nusu ya hapo. Mteja aliyenunua kwa kusoma boksi ataongeza sauti akitafuta zile 3000, na inakata, na atakuja kwako. Mweleze kwa upole, mwonyeshe hesabu, ataelewa.

Sasa kuna hii ambayo dereva anakwambia fundi barabara ya Morogoro inapiga vizuri tu mpaka Chalinze, nikirudi mjini kwenye foleni inaanza kukata. Hapo usihangaike na amplifaya wala erthi kwanza. Kwenye foleni injini iko sailensi, yani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, oltaneta inazunguka taratibu inatoa pungufu sana ya ile iliyoandikwa, na hapohapo feni ya AC, taa, vioo, vyote vinakula. Pima kwenye betri yenyewe, muziki juu, gari sailensi. Ukikuta imeshuka chini ya 12.5 mwambie mtu akanyage mafuta mpaka kama mizunguko 2000 kwa dakika, ikipanda kwenye 13.8 au 14 basi umeshajua, mzigo umezidi uwezo wa oltaneta kwenye sailensi. Ikigoma kupanda, angalia mkanda wa oltaneta, angalia vichwa vya betri kama vina ule unga mweupe, angalia umri wa betri. Na kapasita ya farad moja, kile kikopo cha kutunza umeme kwa muda mfupi, haitengenezi oltaneta, inasaidia kwa mpigo mmoja wa besi, mpigo unaofuata nayo inataka kujazwa.

Nataka niseme kuhusu waya wa rimoti, ule unaotoka kwenye redio kuiamsha amplifaya, maana huu unawatesa sana vijana. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na redio zao za FM zinaanzia 76 na zinaishia 90 hivi, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hazishiki, kwahiyo gari ikitoka bandarini kitu cha kwanza mtu anabadilisha redio. Hapo ndo makosa yanapoingia. Nyuma ya redio nyingi za kununua kuna waya wa bluu na kuna waya wa bluu wenye mstari mweupe. Ule wa bluu mtupu ni wa antena, kwenye redio nyingine unatoa umeme pale tu unaposikiliza FM. Wa mstari mweupe ndo wa amplifaya. Ukifunga kwenye ule mtupu, mteja anaondoka kwako anasikiliza taarifa ya habari muziki unapiga, akifika njiani akaweka bluetooth amplifaya inazima, akirudi FM inawaka. Akikuelezea hivo unaweza kudhani anakutania. Hakutanii, anakupa jibu lote, we msikilize tu. Muulize mteja inakata ukiwa unafanya nini, mwache aongee mpaka amalize, asilimia kubwa ya kazi anakufanyia yeye.

Waya huohuo wa rimoti ni wa kuamsha tu, umeme wake ni kidogo, haufiki hata ampea moja. Sasa mtu anatoa hapo rimoti ya amplifaya mbili, taa za urembo na feni, gari ikiruka shimo volti inayumba, vyote vinazima. Weka rilei, ile swichi inayoamshwa na umeme mdogo ikapitisha mkubwa, bei yake ni ya soda mbili tatu. Na ukitaka kujua kama ni rimoti, pima wakati imekata: kama positivu na erthi ziko 13 lakini rimoti imeanguka, tatizo liko mbele kwenye redio, rudi huko.

Upande wa spika. Chomoa waya zote za spika na zile za RCA zinazoleta sauti kutoka kwenye redio, washa. Taa nyekundu ikibaki, na umeshahakikisha umeme unaoingia ni mzuri, hapo ndo unaweza kusema ugonjwa uko ndani. Ikiwaka kijani, rudisha waya moja moja, zima kabla ya kila waya, mpaka umpate mkosaji. Mara nyingi ni waya wa mlangoni, pale kwenye bawaba unakunjwa kila mlango ukifunguliwa mpaka plastiki inachubuka, mlango ukifungwa unagusa bati. Au umebanwa chini ya reli ya siti. Sabufa nayo koili yake ikishaungua kidogo inaweza kupima vizuri imetulia, ila ikicheza mbele nyuma inagusana.

Na hesabu ya omu muijue kwa kichwa, sabufa mbili za omu 4 ukizifunga pamoja sambamba unapata 2. Amplifaya ukiifunga kwa bridji, yani chaneli mbili kuwa moja, nyingi zinataka 4, zisishuke hapo. Itapiga, tena itapiga kwa nguvu, itachemka, itakata, na mteja atasema mwanzoni ilikuwa nzuri. Ukipima sabufa ya omu 4 kwa mita usishtuke ukiona 3.5, hiyo ni kawaida.

Joto sina mengi. Yale mapezi ya alumini yanataka hewa. Ukiifunika na kapeti au ukaifunga kichwa chini kwenye bokisi la sabufa, kwa jua la hapa gari ikiwa imeegeshwa saa saba mchana buti tayari ni tanuri, inakata baada ya dakika ishirini na inarudi ikishapoa. Inayokata kwa joto inachelewa kukata na inachelewa kurudi. Inayokata kwa volti inakata na besi, papo hapo. Tofauti hiyo inatosha kukwambia uanzie wapi.

Mzee hapa mbele aliniuliza kabla sijaanza kuhusu Coaster, nimjibu maana nyie wa daladala mnalihitaji hili. Coaster na Rosa nyingi zina betri mbili zimefungwa kupata volti 24, na amplifaya ni ya 12, kwahiyo mtu anaiba 12 kwenye betri ya chini. Inapiga. Lakini oltaneta yenyewe haijui kama kuna mtu anakula upande mmoja, inashikilia jumla ya zote mbili kama 28.2, sasa ile ya chini inayonyonywa ikilala kwenye 12.4 ya juu inapokea 15.8, inachemka, maji yanakauka, inavimba. Moja inakufa kwa njaa nyingine kwa kuvimbiwa, na kabla hazijafa muziki unakata kila jioni taa zikiwashwa. Tajiri ananunua betri mbili mpya kila baada ya muda mfupi na anamlaumu muuza betri. Hapo dawa ni konventa ya kutoka 24 kwenda 12, yenye ampea za kutosha hiyo amplifaya, fyuzi zako zikwambie ni ngapi, au kile kifaa cha kusawazisha betri mbili. Ni hela, ndiyo. Mpigieni tajiri hesabu ya betri alizonunua mwaka huu, atatoa.

Nimeongea sana. Pale nje chini ya mwembe kuna Noah ya kijana mmoja, tumeifunga makusudi erthi juu ya rangi na rimoti kwenye waya wa bluu mtupu. Mita ziko sita mezani. Mgawane makundi sita, kila kundi lipime betri kwanza, kisha amplifaya, muziki ukiwa juu, na mtu yeyote asifungue bolti kabla hajaniletea namba zake zimeandikwa kwenye karatasi. Haya, twendeni.